Nitakuja na Meno Yangu Kama Yalivyo

Mtito Andei,
Jumapili jioni.

Mwanangu Ndinda,

Sikuulizi hali yako, maana hali yako naijua: nimekupakulia chakula cha mchana mimi mwenyewe na umeacha nusu sahani. Sasa umekwenda kanisani kuombewa safari, nami nimefunga hoteli mapema, jambo ambalo madereva wamelinung'unikia sana, nikaketi kwenye meza ya dirishani kabla mwanga haujaisha. Barua hii nitaitia ndani ya mkoba wako, chini ya koti lako jeupe. Utaiona kesho ukiwa umeshapita Sultan Hamud, na hutaweza kurudi kubishana nami.

Mambo ya sweta, nauli na mahali pa kulala tumeyasema mpaka ukanikunjia uso. Siyarudii. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kikamba mimi na wewe tumekizoea kwa kugombana, na pia kwa sababu kuandika nilijifunza ngumbaru, mtu mzima mwenye watoto, nimebanwa katikati ya wazee waliokuwa wanasinzia juu ya madaftari, na mwalimu wetu alikuwa wa Kiswahili. Makosa utakayoyaona yasahihishe kimoyomoyo.

Utauliza kwa nini nisingoje nikwambie nikifika Nairobi siku ya Jumatano. Jumatano utakuwa na wasiwasi wako, hutasikia kitu. Na Alhamisi kinywa changu kitakuwa na kazi nyingine.

Tuanze na aibu ya Voi, tuimalize. Mtihani wako wa kwanza niliuharibu mimi. Hilo si siri. Umeniambia wewe, ameniambia mjomba wako, hata mchungaji amenitania. Lakini sijawahi kukueleza nilikuwa nafikiri nini, na wewe hukuuliza kwa sababu ulikuwa umenuna.

Ulitueleza vizuri kabisa, siwezi kusingizia. Ulisema ili upewe leseni ya kusafisha meno ya watu ni lazima uende na mgonjwa wako mwenyewe, mwenye ukoga mwingi, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno kama chokaa ndani ya birika, umkwangue mbele ya watahini wawili mpaka wasione hata chembe. Sote tukamgeukia mjomba wako Mutua, huyu ndugu yangu wa malori, ambaye tangu aanze sigara hajui rangi ya meno yake. Akacheka, akakubali. Ukampigia makofi, ukamwambia, "Mjomba, hicho kinywa chako ni mali!"

Wewe uliona mali, mimi niliona haya. Nilimwona ndugu yangu amelazwa kwenye kiti, wasomi wawili wamemwinamia, wanatazama kinywa kile, halafu wanatazama jina letu kwenye karatasi. Kwetu mtu haendi kwa daktari na uchafu wake. Nyanya yako, akitaka kwenda zahanati kule Ikutha, alikuwa anaoga kwanza, anapaka miguu mafuta, anavaa kitambaa cha Jumapili, hata kama homa inamtetemesha. Aliyekwenda bila kuoga alisemwa sokoni wiki nzima. Basi nikamvuta Mutua pembeni nikamwambia, "Usiende kumtia mtoto aibu. Ukishuka pwani na lori, pitia kwa daktari wa meno pale Voi akusafishe kwanza." Na Mutua, ambaye hajanisikiliza tangu tukiwa tunachunga mbuzi, siku hiyo akanisikiliza.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia yaliyotokea. Alifungua kinywa kwa maringo, mtahini mmoja akatazama huku na huku, akakugeukia, akakuuliza, "Sasa huyu tutatoa nini?" Mutua anasema hapo bado alidhani anasifiwa. Mkarudishwa nyumbani wote wawili, na wewe hukugusa hata chuma kimoja.

Nimefikiri sana juu ya kosa hilo. Nilitaka kusaidia, na sikukuuliza. Nilidhani kuwa mama kunatosha kunifanya nijue kila kitu kinachokuhusu, hata kazi ambayo sijawahi kuiona ikifanywa. Siku hizi, ukiniona nimefungua mdomo halafu nimeufunga, ujue nimekumbuka Voi.

Ukaanza kutafuta mgonjwa mwingine, maana chuo kimekupa nafasi hii moja, na ikipita itabidi urudie mwaka mzima. Mlinzi wa kituo cha petroli alikubali, halafu mkewe akamtisha kwamba mtamng'oa meno yote muyapeleke maabara. Ndipo ukaja kwangu. Tulikuwa tunachagua maharagwe, na uliuliza bila kuinua macho, "Mwaitu, na wewe je?" Nikakujibu, "Koma." Neno moja tu. Ukaendelea kutoa mawe kwenye maharagwe. Leo nataka kukueleza lile neno lilitoka wapi.

Wewe umenijua mimi na mkono mdomoni. Nikicheka nafunika. Nikipigwa picha nabana midomo, ndiyo maana hata kwenye picha ya ubatizo wako naonekana kama niliyekuja kudai mbuzi wangu. Ulipokuwa mdogo ulidhani ni heshima ya wanawake wa kwetu. Unajua kwamba meno yangu ya mbele yamechongwa, yana ncha, lakini hujawahi kuniuliza nami sijawahi kukuambia.

Hakuna aliyenilazimisha. Nyanya yako alikuwa ameshaanza kwenda kanisani na alinikataza kabisa. Lakini kule Ikutha, msichana wa rika langu ambaye hajachongwa alionekana bado mtoto, hata kwenye ngoma haitwi. Nilitoroka na rafiki yangu Kanini, tukaenda kwa mzee mmoja aliyekuwa na patasi ndogo na nyundo ndogo. Nililaza kichwa mapajani kwa Kanini, mzee akagonga taratibu, kipande baada ya kipande. Mimi sikulia. Kanini ndiye aliyelia, na alikuwa bado hajaguswa. Tulirudi tukitabasamu njia nzima, ingawa upepo ulikuwa unatuuma meno, na kwa muda mrefu sikuweza kunywa maji bila kuyapasha moto. Mama aliponiona alikaa chini kwanza. Halafu akasema, "Mtundu wewe. Na umependeza." Marehemu baba yako alinipenda kwa meno hayo hayo, aliniambia mwenyewe. Kwa hiyo usije ukaionea huruma siku ile, Ndinda. Nilikuwa mrembo na nilijua.

Aibu ilikuja baadaye, hapa barabarani. Madereva wa pwani waliniita Mama Simba. "Mama Simba, lete chai, lakini usitule!" Hilo nililicheka, wateja ni wateja. Lakini mwaka ule tulipokuwa tunakula mahindi ya manjano ya msaada, jino la nyuma lilinishika, nikaenda hospitali na wewe mgongoni. Kijana mmoja wa koti jeupe akaniambia nifungue kinywa. Akatazama, akatoka nje, nikamsikia anawaita wenzake, "Kujeni muone hii!" Wakaja, wakanizunguka. Wote walitazama ya mbele, na hakuna hata mmoja aliyetazama lile lililokuwa linaniuma. Nilifunga kinywa nikaondoka na maumivu yangu, nikayatuliza kwa karafuu mpaka jino likafa lenyewe. Tangu hapo hakuna mtu aliyeona ndani ya kinywa changu.

Sasa fikiria siku uliyokuja na barua ya chuo ukaniambia unakwenda kusomea meno. Ulidhani nimenyamaza kwa furaha. Nilikuwa namwona yule kijana, amevaa sura yako. Ni vibaya kumfikiria mtoto wako hivyo, lakini ndivyo nilivyofikiri, na nilikulipia masomo huku nimebana midomo.

Kilichonibadilisha hakikuwa maombi wala maneno ya mjomba wako. Ni yule dereva wa lori aliyeingia na shavu limevimba kama amebana chungwa. Alikuona umekaa na vyuma vyako, akakwambia, "Sister, hebu niangalilie hii jino, imenimaliza kabisa." Ulinawa mikono, ukamkalisha mlangoni kwenye mwanga, ukamwambia afungue. Mimi nilikuwa nakanda unga, na nilikutazama wewe, sikumtazama yeye. Ile harufu ilinifikia mpaka kwenye meza yangu. Wewe hukukunja pua. Ulitazama kama mimi ninavyotazama sufuria ya muthokoi, kuona tu mahindi yameiva au bado. Ukamwambia hilo halikwanguliki, ni la kung'olewa, aende hospitali siku hiyo hiyo. Halafu ukamwambia, "Asante kwa kunifungulia."

Asante! Mtu amekufunulia uozo wote ule na wewe unamshukuru. Nilirudi kwenye unga wangu. Nilikuwa nataka kulia na sikujua naanzia wapi.

Siku iliyofuata nikakwambia, "Nitakuja mimi." Hukuruka wala hukushangilia. Ulisema tu kwamba ni lazima unitazame kwanza, kwa mwanga wa mchana, ili usirudie ya Mutua. Ukanikalisha nyuma ya hoteli juu ya kreti ya soda. Nilifunga macho. Nilikuwa nasikiliza pumzi yako, nikingoja ibadilike. Haikubadilika. Kioo chako kilikuwa baridi, kikapita huku, kikapita kule, na mwishowe ukasema, kwa sauti ya mtu aliyempata ng'ombe wake aliyepotea, "Mwaitu! Ukoga upo! Juu na chini, upo wa kutosha!" Tulicheka mpaka Mutua akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Sijawahi kuona mtu akifurahia uchafu wangu namna ile.

Halafu ukagusa meno ya mbele, moja moja, kwa kidole. Ukasema, "Aliyechonga haya alikuwa na mkono mzuri. Yamelingana." Mimi nikainuka nikajifanya nimeona mbuzi anakula nguo kwenye kamba. Hakukuwa na mbuzi, Ndinda. Nadhani ulijua.

Siku hiyo pia ulinionyesha kwamba ile rangi ya kahawia kwenye meno yangu na yako si uchafu. Ulisema ni maji ya kisima chetu, yamelitia jino rangi tangu likiwa bado ndani ya fizi, na kwamba mtahini akikuona unaikwangua atajua hujui kazi. Nikakumbuka nilivyokuwa nikikukalisha kila Jumamosi, nakusugua meno kwa mkaa uliosagwa ili uende kanisani nayo meupe. Fizi zilitoka damu. Nilikuita mvivu, nilisema hupigi mswaki, na wewe ulikuwa unapiga. Pole sana, mwanangu. Maji niliyachota mwenyewe, nikakunywesha, halafu nikakuchapa kwa rangi yake.

Umeniambia nipige mswaki kama kawaida mpaka Alhamisi, kwamba ukoga hautoki kwa mswaki. Nimesikia. Lakini mimi nimeshaumwa na Voi, na siugusi mswaki. Nitasukutua maji tu, basi. Atakayekaa karibu nami kwenye basi Jumatano atanivumilia mpaka Nairobi, na akiniuliza nitamwambia nina mtoto ana mtihani.

Sasa nije kwenye kitu ninachokiogopa. Sikiogopi kile chuma chako kilichopinda. Nauogopa mkono wako, kwa sababu ni mkono wangu. Angalia kisigino chako cha kulia. Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza shule ulipokanyaga mwiba wa mgunga. Nilitoa kile nilichokiona kwa sindano. Nilipotaka kuingia ndani zaidi ulipiga kelele, ukaniambia, "Mwaitu, waniua!" Nikakuonea huruma. Nikaacha, nikapaka mafuta, nikakupa kikombe cha uji wenye sukari, na sote wawili tukafurahi. Baada ya siku chache mguu ulikuwa umevimba mpaka goti, nikakubeba mgongoni hadi barabarani kuomba lifti, na hospitalini walikupasua kutoa kipande kilichobaki. Lile kovu si la mwiba. Ni la huruma yangu, na kila ukivaa viatu vya wazi nauona upumbavu wangu unatembea.

Umesema watahini wanatafuta ukoga ulio chini ya fizi, na kwamba ndio unaouma. Basi ingia huko. Nikishika mikono ya kiti, endelea. Machozi yakinitoka, yafute uendelee, hayo ni ya jicho tu. Tumekubaliana nikizidiwa nitainua mkono wa kushoto. Kama haujainuka, mimi ni mzima, na wewe huna ruhusa ya kunihurumia. Usiniite Mwaitu, kwa Kikamba chetu cha nyumbani, ukiwa na chuma mkononi, maana sauti yako italegea na vidole vitaifuata. Niite "mama" kama unavyowaita wagonjwa wengine, nami nitakuita daktari, hata kama leseni haijakuita hivyo.

Na hao watahini wakiwaita wenzao waje waone meno ya Ikutha, waache waje. Safari hii atakayekuwa ameshika kioo ni wewe. Wakiuliza, waeleze, wewe unayajua. Wasipouliza, fanya kazi yako.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya nifunge hoteli mapema.

Siku uliyorudi kutoka kwenye ule mtihani ulioharibika, uliposhuka kwenye basi hukunisalimia. Ulikwenda nyuma ukalia karibu na pipa la maji, nami nikaja nikalia karibu yako. Yale machozi yangu yalikuwa ya kweli. Lakini asubuhi yake uliamka, ukajifunga leso, ukasimama kwenye karai la mandazi bila kuambiwa. Madereva walifurahi, mmoja akasema hoteli imepata roho. Nikasikia sauti yako kule jikoni, unamgombeza Mutua kwa kumwaga maziwa, na nilifurahi, Ndinda. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi tangu baba yako afariki. Nikajisemea, hata asipopata hiyo leseni, si yuko hapa? Si tutazeeka pamoja? Tangu siku hiyo, kila ulipokosa mgonjwa, kulikuwa na mtu ndani yangu aliyekuwa anashusha pumzi ya nafuu. Mtu huyo simpendi, lakini anakaa kwangu, na ananipikia chai.

Nilipokwambia "Koma" siku ile ya maharagwe, nusu ilikuwa ya meno. Nusu nyingine ilikuwa yake yeye.

Kwa hiyo Ijumaa nilikwenda kwa Mama Kioko, yule mjane anayeuza mboga karibu na stendi. Nimemwomba aje kukaanga mandazi, na amekubali. Anaanza kesho, basi lako likishaondoka. Leo asubuhi amekuja kujaribu ukiwa kanisani, na mandazi yake ni magumu, yanaweza kumwua mtu, lakini atajifunza. Nimemwonyesha kigoda chako, nimempa msumari wa kutundika leso yake. Nimemwambia ni kazi ya kudumu.

Ukiipata leseni, nenda watakakokupeleka, hata kama ni Lodwar. Usipoipata, na unaweza usiipate, mtihani ni mtihani, njoo ulie siku moja au mbili, nitalia nawe, kisha tutatafuta njia ya kuurudia huo mwaka. Lakini usije na mawazo ya kusimama jikoni. Nafasi yako imejaa. Nimeijaza mwenyewe, nikamshika yule mama mkono, nikamwambia karibu, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu mpaka nikaweza kuandika.

Nawasikia mnatoka kanisani. Nafunga bahasha kabla hujaingia.

Mimi mama yako,
na mgonjwa wako wa Alhamisi.